Vifuniko vya Shokapu Vilivyokwama: Rai za Mafundi na Uzito wa Kila Rai

Mwenye pikipiki kuukuu anayetaka kubadilisha oili ya shokapu za mbele, akawaendea mafundi watatu kuwauliza namna ya kukifungua kifuniko cha juu kilichokataa kuzunguka, aghalabu hurejea na majawabu matatu yanayopingana: wa kwanza amemwambia akipashe moto, wa pili amemwambia akimwagie mafuta na kukiacha kilale, na wa tatu amekwisha kushika nyundo kabla swali halijaisha. Ikhtilafu hii haikutokana na ujinga, kwani kila mmoja wao amewahi kufaulu kwa njia yake, na mtu aliyefaulu huona tabu kuamini kwamba njia iliyomfaa jana yaweza kumdhuru leo. Imetokana, kwa rai yetu, na kuzichukulia sababu tatu zilizo mbalimbali kana kwamba ni moja, kwa kuwa dalili yao ya nje ni ile ile: spana imeshika barabara, mkono umekaza, na kifuniko hakiendi. Madhali hali ni hiyo, hatuwezi kuzipima rai hizi kwa insafu mpaka tujue kwanza kifuniko chenyewe kimeundwaje na kinashikwa na nini.

Umbo la shokapu na haja ya kuifungua

Shokapu ya mabomba mawili yanayoingiana, ambayo kampuni ya BMW iliitia katika pikipiki zake za R12 na R17 mwaka 1935 pamoja na oili ya kutuliza mtikisiko wa springi, haikubadilika sana kwa asili yake katika pikipiki nyingi za miongo iliyofuata. Bomba la ndani ni la feleji, limepakwa kromu kwa nje, nalo huteleza ndani ya mguu ambao katika pikipiki nyingi ni wa alumini. Ndani ya bomba hilo mna springi ndefu na oili, na mdomo wake wa juu huzibwa kwa kifuniko chenye hesi, yaani ile mifuo ya mzunguko ambayo mafundi huiita thredi. Bomba zima hushikiliwa na vibano viwili vilivyofungamana na shingo ya pikipiki, kimoja cha juu na kimoja cha chini.

Kifuniko hiki kina kazi mbili, kuigandamiza springi na kuihifadhi oili, na kwa ajili ya kazi ya pili huvikwa pete ya mpira chini ya ukingo wake. Haja ya kukifungua ni kwamba oili ya shokapu hupimwa kutoka juu: springi hutolewa, bomba husukumwa chini hadi mwisho wake, kisha hupimwa urefu kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Wapo wanaojitosheleza kwa kumwaga oili iliyochakaa kupitia skrubu ndogo iliyo chini ya mguu katika pikipiki nyingi za zamani, lakini kumwaga ni nusu ya kazi tu, na nusu iliyosalia imo juu.

Si kila kifuniko huzunguka, na hili ni jambo ambalo lau lingejulikana zaidi, vifuniko vingi vingeokoka. Katika baadhi ya Yamaha na Kawasaki za mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kizibo hakina hesi hata kidogo. Hushikwa na pete ya waya iliyojificha ndani ya mdomo wa bomba, na hutoka kwa kukisukuma chini dhidi ya springi na kuichokoa pete hiyo kwa bisibisi nyembamba. Anayekitia spana kizibo cha namna hii aweza kukizungusha hadi jua lichwe. Katika pikipiki nyingine za wakati huo, mathalani Honda Gold Wing GL1100 ya mwaka 1980, shokapu hutiwa upepo kwa vali, na upepo huo hauna budi kutolewa kabla ya jambo lolote jingine.

Sababu tatu za kukwama

Sababu ya kwanza, iliyo nyepesi kuliko zote na inayosahauliwa kuliko zote, ni kibano cha juu. Hesi ya kifuniko imo katika ncha ya bomba, na katika pikipiki nyingi ncha hiyo hiyo ndiyo inayokumbatiwa na kibano; bolti ya kibano ikikazwa, bomba, ambalo ukuta wake una unene wa milimita chache tu, hubanwa likasinyaa kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, likakishika kifuniko pande zote. Bolti hiyo ikilegezwa, kifuniko kilichoshindana na watu wawili huzunguka kwa mkono mmoja. Bolti ya kibano cha chini, kinyume chake, sharti ibaki imekazwa, maana ndiyo inayolizuia bomba lisizunguke pamoja na kifuniko. Fundi anayeanza kwa kuichomoa shokapu nzima, kwa kudhani kwamba kazi ni rahisi zaidi mezani, hugundua baadaye kwamba hana cha kuishikia ila jiliwa, na meno ya jiliwa yakikwaruza kromu mahali bomba linapotelezea, mkwaruzo huo utaila sili ya oili na shokapu itavuja siku zote.

Sababu ya pili ni kuliwa kwa madini, nayo yastahili maelezo marefu zaidi. Kifuniko katika pikipiki nyingi za Kijapani za zamani ni cha alumini, na bomba ni la feleji. Zikigusana, na baina yao pakawapo maji yenye chumvi, hupita mkondo mdogo wa umeme ambao huila alumini na kuisalimisha feleji. Kinachozaliwa na kuliwa huko ni unga mweupe ambao huchukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyouzaa, ukajishindilia katika mifuo ya hesi na kuikaza kana kwamba imepigwa kabari. Vifuniko vingi vina shimo la pembe sita katikati, na shimo hilo lilikuwa na kizibo chake cha plastiki au mpira kilichopotea zamani. Maji ya mvua na ya kuoshea hutuama humo, hufurika, na hutafuta njia kando ya ukingo. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Unguja, ambako upepo wenyewe una chumvi, jambo hili huenda haraka; bara, ambako hewa ni kavu zaidi, huenda polepole sana. Kwa hiyo fundi wa Dodoma asemaye kwamba hajapata kuona kifuniko kilicholiwa, na fundi wa Mombasa asemaye kwamba hajaona kinginecho, yamkini wote wawili wanasema kweli, na ubishi wao ni wa hali ya hewa tu.

Sababu ya tatu ni mkono wa fundi aliyetangulia. Vitabu vya utengenezaji huagiza kifuniko cha namna hii kikazwe kwa kiasi ambacho mara nyingi huwa baina ya nyutoni-mita 15 na 30, na nyutoni-mita 30 si zaidi ya uzito wa kilo 15 uliowekwa kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 20. Kaza hiyo yatosha, kwa kuwa kinachozuia oili isitoke ni ile pete ya mpira, wala si nguvu ya hesi. Walakini wako wanaoamini kwamba kitu kilicho karibu na usukani hakina budi kukazwa kwa nguvu zote za mwili. Wakichukua mkono wa sentimita 60 na kuuegemea kwa kilo 30, wamekwisha kupita nyutoni-mita 170. Fauka ya hayo, springi hukisukuma kifuniko juu wakati kinaporejeshwa, na fundi mwenye haraka hukiingiza hesi ikiwa imepanda upande. Kifuniko kilichoingia hivyo hujulikana kwa ukingo wake: upande mmoja umegusa bomba, na upande wa pili una mwanya ambao ukucha waweza kuingia.

Rai ya moto

Wenye rai ya moto wana ushahidi mkubwa, ila ushahidi wao wameuleta kutoka kazi nyingine. Katika injini, bolti ya feleji hukwama ndani ya alumini, na ukiipasha moto ile alumini, hutanuka takriban mara mbili kuliko feleji, tundu likapanuka na bolti ikalegea. Hapo moto ni dawa isiyo na mpinzani. Katika shokapu mambo yamegeuzwa: kilicho ndani ni alumini na kilicho nje ni feleji. Kwa kila nyuzi moja ya joto, alumini hutanuka kwa sehemu 23 hivi katika milioni, na feleji kwa sehemu 12 hivi. Tukichukua kifuniko chenye upana wa milimita 35 na kupasha vitu vyote viwili kwa nyuzi 100, kifuniko kitakuwa kimekizidi kikalio chake kwa takriban sehemu nne katika mia za milimita moja. Ni kidogo kwa kutaja, ila katika hesi iliyokwisha kujaa unga ni kaza juu ya kaza, na anayevuta spana wakati huo huo wa joto anashindana na moto wake mwenyewe.

Mbona basi wengine hufaulu? Hufaulu kwa sababu ule unga uliogandamana hauwezi kufuata mwendo wa madini mawili yanayotanuka na kusinyaa kwa viwango visivyolingana, nao huvunjika. Tena kifuniko kikipoa husinyaa zaidi kuliko bomba. Kwa hiyo hoja ya moto ingekuwa sahihi zaidi kama ingesemwa hivi: kipashe, kiache kipoe kabisa, rudia ikilazimu, ndipo uzungushe. Na kwa anayetaka faida ya papo kwa papo, joto na litiwe nje ya bomba kwa haraka huku kifuniko kikiwekewa barafu, ingawa kibano cha juu, ambacho mara nyingi nacho ni cha alumini, hulinyonya joto hilo kabla halijafika linakotakiwa.

Madhara ya rai hii hayafichiki. Ndani ya bomba mna oili na hewa iliyofungiwa, pete ya mpira huungua, rangi hubabuka, na tangi la petroli liko sentimita chache tu nyuma ya mahali mwako wa gesi unapopuliziwa. Maji yanayochemka, yakimwagwa juu ya bomba na kibano kupitia kitambaa kilichozungushiwa, hutoa sehemu kubwa ya manufaa ya moto bila ya hatari hizo, na twashangaa kuona jinsi njia hii isivyo na heshima miongoni mwa mafundi, labda kwa kuwa yafanana mno na kazi ya jikoni.

Rai ya mafuta na subira

Hii ndiyo rai ya wapole, na kwa hakika haina madhara makubwa, jambo ambalo limeifanya isichunguzwe inavyostahili. Husemwa: tia mafuta ya kupenyeza kuzunguka ukingo, ngoja hadi kesho, tia tena. Asiye na mafuta ya dukani hutumia mafuta ya taa au dizeli, na wengine hutumia mafuta ya breki, ambayo hayana ubora wowote hapa ila ni stadi kwa kubabua rangi ya tangi. Hata ile dawa mashuhuri ya kupulizia, WD-40, iliyobuniwa San Diego nchini Marekani mwaka 1953, ilikusudiwa asili yake kufukuza maji na kuzuia kutu. Kupenya hesi ni kazi iliyoongezewa na watumiaji.

Lakini hitilafu kubwa zaidi ya rai hii imo katika umbo la kifuniko chenyewe. Pete ya mpira, katika vifuniko vingi, imekaa juu ya hesi, chini kidogo ya ukingo. Ikiwa pete hiyo ni nzima, mafuta yanayomwagwa kutoka juu huishia hapo hapo, yasiione hesi hata yakikaa juma zima. Na ikiwa pete imekufa, mafuta yatapita, ila maji nayo yalipita njia hiyo hiyo miaka mingi kabla yake. Yatokea basi kwamba mafuta kutoka juu huwafaa wale tu ambao pete zao zimeoza, ilhali wenye pete nzima, ambao hesi zao aghalabu hazijaliwa sana, hungojea bure.

Iko njia ya kuisaidia rai hii, nayo ni kuyaleta mafuta kutoka chini: shokapu ikichomolewa na kusimamishwa kichwa chini usiku kucha, oili iliyomo ndani hushuka na kuilowesha hesi kutoka upande ambao hauna pete. Ila gharama yake tumekwisha kuitaja, kwa kuwa shokapu iliyochomolewa imepoteza mshikio wake. Anayeichagua njia hii hana budi kuirudisha katika kibano cha chini asubuhi yake na kukaza bolti, badala ya kuipeleka kwenye jiliwa.

Rai ya nguvu

Nguvu imesemwa vibaya kuliko inavyostahili, kwani mwisho wa njia zote ni kwamba mtu atazungusha spana. Hoja iliyo muhimu ni nguvu inapita wapi kabla ya kufika kwenye hesi. Kichwa cha kifuniko kina pembe sita fupi za madini laini. Soketi yenye pembe kumi na mbili huzigusa pembe hizo kwa ncha zao tu, na ile spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wenyewe wameipa jina la spana malaya, hucheza na kuzila. Soketi ya pembe sita ndiyo inayostahili, nayo ina kasoro moja isiyotazamwa: mdomo wake hukatwa mshazari ndani ili iingie kwa urahisi, na katika kichwa kifupi mshazari huo humeza nusu ya mshiko. Fundi anayeusaga mdomo wa soketi moja ukawa bapa, akaiweka kando kwa kazi hii tu, amefanya zaidi kuliko anayenunua mkono mrefu zaidi.

Nyundo nayo ina sura mbili. Pigo la wastani juu ya kipande cha shaba nyeupe au cha mti mgumu kilichosimamishwa katikati ya kifuniko huvunja ule unga, na likifuatiwa na kukaza kidogo kabla ya kufungua, mara nyingi husikika mlio mkavu wa ghafla, ndio ukwamo ukiachia. Pigo la tindo kwenye kona za kichwa, kwa upande mwingine, huharibu kona kabla ya kuigusa hesi. Mashine ya upepo ya kufungulia nati za magari huunganisha sura hizi mbili: mapigo yake mafupi ya haraka huvunja ukwamo vizuri kuliko mvuto wa polepole, lakini haimpi mshikaji habari yoyote. Mkono huhisi hesi inapoanza kukwaruza na kuwa nzito tena baada ya robo mzunguko, dalili kwamba alumini inajibandika juu ya feleji, na mwenye akili hurudisha nyuma, akatia mafuta, akaanza upya. Mashine hupita hapo bila ya kusita, na kifuniko hutoka pamoja na hesi ya bomba.

Kuna na suala la gurudumu. Likiwa chini, pikipiki husimama imara na ukwamo huvunjika kwa urahisi, lakini uzito wake umeikandamiza springi. Likiinuliwa, springi hupumua, ila pikipiki huyumba. Wenye busara hugawa kazi: ukwamo huvunjwa gurudumu likiwa chini, kisha pikipiki huinuliwa, na mizunguko ya mwisho humalizwa huku kiganja kikikisukuma kifuniko chini na uso ukiwa kando, kwa kuwa springi ikiachiwa ghafla haichagui jicho.

Rai ya kuahirisha

Wako wanaosema: acha, mwaga oili kwa chini, sukumia mpya kwa bomba la sindano kupitia tundu hilo hilo. Kwa pikipiki yenye safari kesho, hii yafaa. Kipimo cha oili huwa cha kukisia na miguu miwili haitalingana, na kila msimu wa mvua unaopita huongeza deni. Basi ni kuahirisha tu, wala haihitaji maneno zaidi.

Mizani

Tukiziweka rai hizi pamoja, twaona kwamba hazishindani kwa kweli. Kila moja ni jibu la swali ambalo wenzake hawakuulizwa. Ukingo ukiwa safi, bila unga mweupe, shuku kibano kwanza, na usiwashe wala usipige chochote mpaka bolti yake imelegezwa. Ukingo ukiwa na unga, tarajia kuliwa kwa madini: soketi iliyosagwa, pigo la wastani, maji ya moto na kupoa, kwa utaratibu huo, na mafuta kutoka juu ikiwa pete imeonekana kuchakaa. Ukingo ukiwa na mwanya upande mmoja, hesi imepanda, na hapo subira na moto havina kazi. Kitatoka kwa nguvu, nacho kitatoka kibovu.

Kinachozuia utaratibu huu kufuatwa ni muda zaidi kuliko elimu. Pikipiki nyingi katika miji yetu ni za kazi. Mwendeshaji wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, na siku ambayo pikipiki imelala kwa fundi hesabu hiyo humdai yeye. Kwa mtu wa namna hiyo, kumwambia alaze shokapu kichwa chini hadi kesho ni kumwambia alipe siku moja kutoka mfukoni mwake, na nyundo, ijapokuwa ina hatari, humaliza kabla ya adhuhuri. Hatuwezi kumlaumu fundi kwa kuchagua haraka bila ya kuitia hesabu hiyo katika mizani. Twaweza kumlaumu kwa jambo moja tu, nalo ni kutopima kilicho ghali: kifuniko ni kitu kidogo, hupatikana kwa wauza vipuri au huchongwa kwa mashine ya kukerezea, ilhali bomba lililonyooka, lenye kromu nzima, ni muhali kulipata kwa pikipiki iliyozeeka. Pale kimojawapo kinapolazimika kuharibika, na kiharibike kifuniko: kitobolewe katikati, springi iachiliwe kwa uangalifu, kisha msumeno wa chuma upitishwe kutoka ndani kuelekea nje, usimame kabla ya kuifikia hesi ya bomba, na mabaki yakunjwe kuingia ndani. Fundi na mwenye mali wakubaliane juu ya hilo kabla ya spana ya kwanza, si baada ya kona kuisha.

Kifuniko kikirudishwa, hesi ipigwe mswaki wa waya, pete iwe mpya, na grisi kidogo ipakwe ili maji yasipate njia. Grisi hiyo hupunguza msuguano, kwa hiyo spana ile ile ya sentimita 20, ikisukumwa kwa uzito ule ule, hukaza zaidi kuliko hesi kavu, na mkono na usimame mapema kidogo.